GARI LETU LINACHEMSHA: TUMCHAGUE FUNDI YUPI?



Katika somo hili utajifunza namna ya kumchagua fundi wa kutengeneza mfumo wa kupoza injini ya gari kuukuu. Si lazima uwe dereva. Wala si lazima uwe fundi. Lakini kama wewe ni mwanachama wa kikundi chenye gari, gari hilo ni mali yako. Mwenye mali hana budi kujua mali yake inatibiwa na nani, na inatibiwa namna gani.

Soma somo hili polepole. Kisha lijadilini darasani.

MANENO YA KUSOMA KWANZA

rejeta – chombo kilicho mbele ya gari ambamo maji ya injini hupozwa
pampu ya maji – chombo kinachosukuma maji yazunguke
themostati – mlango mdogo unaofunguka maji yakipata moto
kulanti – dawa ya maji ya kupoza injini
gasketi – kizibo chembamba kati ya vipande viwili vya injini
vipuri – vifaa vya kubadilisha katika gari, yaani spea

1. MFANO WETU

Tuseme kuna kikundi cha wakulima wa vitunguu huko Ruaha Mbuyuni, Mkoa wa Iringa. Kikundi hiki tumekibuni kwa ajili ya somo, lakini njia wanayopita ni ya kweli. Wanachama wamechanga fedha kwa misimu mitatu wakanunua Toyota HiAce ya zamani. Kila wiki gari hilo hupeleka vitunguu Iringa mjini. Ili lifike, lazima lipande Mlima Kitonga, wenye kona nyingi na mwinuko mkali. Tena usiku, mama mjamzito akishikwa na uchungu, gari hilo hilo ndilo humpeleka hospitali.

Sasa gari lina ugonjwa. Likifika katikati ya mlima, mshale wa joto hupanda hadi kwenye alama nyekundu. Mvuke hutoka. Dereva husimama, husubiri, huongeza maji, kisha huendelea. Wiki iliyofuata ni yale yale.

Katika HiAce nyingi za zamani injini iko chini ya viti vya mbele. Dereva na abiria wa mbele wamekaa juu yake. Injini ikichemka, moto uko chini ya miguu yao.

Wanachama wanasema, "Tuongeze maji tu, litafika." Lakini wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Injini ikichemka mara nyingi, silinda hedi hupinda au hupasuka, na gasketi huungua. Hapo kazi ya siku moja hugeuka kuwa kazi ya kufungua injini nzima. Fedha za vitunguu vya msimu mmoja zinaweza kwisha hapo. Na siku hiyo, mama mwenye uchungu atapelekwa na nini?

2. INJINI HUPOZWAJE?

Kabla ya kumchagua fundi, ni vizuri kuelewa kidogo kazi yake. Mtu anayeelewa hadanganywi upesi.

Ndani ya injini mafuta huungua. Moto huo ndio unaolisukuma gari. Lakini ni sehemu tu ya joto hilo inayogeuka kuwa nguvu ya kuzungusha magurudumu. Joto jingine lazima litolewe nje. Lisipotolewa, vyuma hutanuka kupita kiasi, oili hupoteza utelezi wake, na injini hufa.

Maji ndiyo yanayolibeba joto hilo. Pampu huyasukuma yapite katika vijia vilivyo ndani ya injini. Yakiisha kupata moto, hupita katika mpira mmoja na kuingia kwenye rejeta. Rejeta ina mirija myembamba mingi. Feni huvuta hewa, hewa hupita katikati ya mirija hiyo, na maji hupoa. Kisha hurudi kwenye injini kwa kupitia mpira mwingine. Safari huanza tena.

Kuna vitu viwili vidogo ambavyo watu wengi huvidharau. Vyote viwili vina namba, nawe sasa unajua kusoma namba.

Cha kwanza ni themostati. Injini ikiwa baridi, mlango huu hufungwa ili injini ipate joto upesi. Maji yakifikia joto fulani, hufunguka na kuyaruhusu yaende kwenye rejeta. Joto hilo hugongwa kwenye chuma chake. Themostati nyingi zina namba kama 82 au 88. Maana yake ni kwamba zinaanza kufunguka maji yakifika digrii hizo.

Cha pili ni kifuniko cha rejeta. Hiki si kifuniko kama cha chungu. Ndani yake mna springi na mpira, navyo hubana maji. Maji yakibanwa hayachemki upesi. Pwani, maji yasiyobanwa huchemka kwenye digrii 100. Mjini Mbeya, ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka mapema zaidi, karibu digrii 94. Lakini maji yaliyobanwa na kifuniko kizuri chenye namba 0.9 hayachemki mpaka yakaribie digrii 120. Kwa hiyo kifuniko kikichakaa, gari linaweza kuchemsha hata kama rejeta ni mpya kabisa.

3. UGONJWA MMOJA, SABABU NYINGI

Mtu mwenye homa anaweza kuwa na malaria, au kidonda kilichooza, au ugonjwa wa kifua. Daktari mzuri hatoi dawa kabla ya kupima. Gari linalochemsha ni vivyo hivyo. Sababu zinaweza kuwa hizi:

(a) Maji yamepungua kwa sababu yanavuja mahali.
(b) Kifuniko cha rejeta kimechakaa.
(c) Themostati imekwama.
(d) Mkanda wa feni umelegea, au feni haizunguki sawasawa.
(e) Pampu ya maji imekwisha.
(f) Rejeta imeziba kwa nje, kwa vumbi, majani na wadudu.
(g) Rejeta imeziba kwa ndani, kwa kutu na chumvi ya maji.
(h) Gasketi ya silinda hedi imeungua.

Dalili za sababu ya mwisho ni hizi: Maji hupungua bila kuonekana yanapovujia. Moshi mweupe hutoka nyuma hata injini ikiwa imekwisha kupata moto. Oili hugeuka rangi, ikawa kama chai ya maziwa. Mapovu hutoka katika maji ya rejeta injini ikinguruma. Ukiona dalili hizi, usiliendeshe gari tena mpaka lipimwe.

Sababu ni nane. Baadhi ni za shilingi chache, na baadhi ni za fedha nyingi. Fundi anayetaja sababu moja kabla ya kupima anabahatisha, na fedha anazobahatishia ni zenu.

4. MAFUNDI WAWILI

Mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo, anakwenda mjini pamoja na dereva. Wanafika gereji ya kwanza.

"Shikamoo, mama," anasema fundi.

"Marahaba, mwanangu. Gari letu linachemsha mlimani."

"Ah, mama, hiyo ni rejeta tu. Leta laki nne na nusu, jioni mnaondoka."

"Umejuaje kuwa ni rejeta, nawe hata hujalitazama?"

"Mama, mimi nimekaa katika kazi hii miaka kumi na tano. Hata ile themostati nitaitoa niitupe. Themostati ni ya nchi za baridi. Huku kwetu joto tupu, ya nini?"

"Haya, mwanangu. Tutazungumza na wenzetu."

Wanakwenda gereji ya pili. Fundi ni mzee mwenye nguo zilizojaa oili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibuni. Gari lina shida gani?"

"Linachemsha, mzee."

Mzee anamgeukia dereva. "Linachemsha likipanda mlima tu, au hata likiwa limesimama? Mnaongeza maji mara ngapi kwa wiki? Asubuhi mnakuta maji chini ya gari? Nani alilitengeneza mara ya mwisho, naye alibadilisha nini?"

Dereva anajibu yote. Mzee anasikiliza mpaka mwisho.

"Basi, injini bado ina moto. Siwezi kufungua kifuniko sasa. Kaeni kivulini. Ikipoa tutapima pamoja."

Injini inapoa. Mzee anafungua kifuniko na kumwonyesha mwenyekiti. Mpira wake umechanika. Anafunga mahali pake pampu ndogo ya mkono yenye geji, anapampu mpaka geji ifike 0.9, kisha wote wanatazama. Mshale wa geji unashuka polepole. Wanatafuta, wanakuta mpira wa rejeta umepasuka karibu na klipu na maji yanadondoka. Mzee anatoa themostati na kuitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yaliyo motoni, pamoja na kipimajoto. Namba yake ni 82. Maji yanafika 82, kimya. Yanafika 90, mlango unafunguka kidogo tu na kukwama hapo. Mwisho anamulika rejeta kwa tochi. Kwa nje imejaa vumbi na majani makavu, lakini haivuji.

"Mama," anasema mzee, "rejeta yako ni nzima. Inataka kuoshwa tu. Vilivyokufa ni kifuniko, mipira na themostati."

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, kwa ajili ya zoezi.

Fundi wa kwanza:
Rejeta – Sh. 400,000
Ufundi – Sh. 50,000
Jumla – Sh. 450,000

Fundi wa pili:
Vipimo – Sh. 20,000
Kifuniko – Sh. 15,000
Themostati – Sh. 35,000
Mipira 2, kila mmoja Sh. 25,000 – Sh. 50,000
Kulanti lita 4, kila lita Sh. 10,000 – Sh. 40,000
Ufundi pamoja na kuosha rejeta – Sh. 40,000
Jumla – Sh. 200,000

Tofauti ni Sh. 250,000. Tena kwa fundi wa kwanza mpira uliopasuka ungebaki pale pale. Kikundi kingelipa laki nne na nusu, na gari lingeendelea kupoteza maji.

Hata hivyo, usiseme kwamba fundi wa bei ndogo ndiye fundi mzuri siku zote. Siku nyingine vipimo vitaonyesha kwamba rejeta imekufa kweli. Siku hiyo fundi mkweli atakuambia ununue rejeta, nawe itakubidi ununue. Tunamsifu mzee huyu kwa sababu alipima, na mwenye gari akaona kwa macho yake.

5. MAMBO NANE YA KUMTAZAMA FUNDI

La kwanza: Anauliza kabla ya kushika spana. Fundi asiyeuliza habari za gari ni kama mganga asiyeuliza habari za mgonjwa.

La pili: Anasubiri injini ipoe. Kufungua kifuniko cha rejeta yenye moto ni hatari kubwa. Maji yaliyobanwa hulipuka na kuunguza uso na mikono. Pia kumwaga maji baridi ndani ya injini yenye moto mkali kunaweza kuipasua. Fundi anayefanya hivyo kwa gari la mwingine atafanya hivyo kwa lako.

La tatu: Anapima, nawe unaona. Hakufukuzi. Anakuita utazame.

La nne: Ana vyombo vya kupimia. Pampu ya kupima mfumo wa maji ni chombo kidogo. Kipimajoto na sufuria si vitu vya ajabu. Asiye navyo atapima kwa kubahatisha.

La tano: Anaiheshimu themostati. Mafundi wengi huitoa na kuitupa. Mshale wa joto ukishuka, mwenye gari hufurahi na kusema gari limepona. Lakini injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta mengi na huchakaa upesi. Katika baadhi ya injini, bila themostati maji mengi huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi likipanda mlima. Themostati mbovu hubadilishwa kwa nyingine yenye namba ile ile.

La sita: Anajua kazi ya kulanti. Maji matupu huleta kutu. Maji ya kisima chenye chumvi huacha magaga ndani ya mirija, kama yale unayoyaona ndani ya birika. Kulanti huzuia kutu na huyafanya maji yachelewe kuchemka. Kulanti nyingi huchanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Kama mfumo unachukua lita 8, utatia kulanti lita 4 na maji lita 4. Nyingine huuzwa zikiwa zimekwisha kuchanganywa, hizo haziongezwi maji. Soma maandishi ya galoni kabla ya kununua. Wala usidanganywe na rangi. Kulanti mbili za kijani zinaweza kuwa za aina mbalimbali, na aina mbalimbali hazichanganywi. Fundi mzuri humwaga ya zamani yote, husafisha mfumo kwa maji, ndipo hutia mpya.

Jihadhari pia na fundi anayetia yai au unga wa kuziba matundu ndani ya rejeta. Tundu linaweza kuziba kwa siku chache, lakini na mirija myembamba nayo inaweza kuziba.

La saba: Anao watu wa kumshuhudia. Muulize kama ana cheti. Hapa Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. VETA hufundisha mafundi magari. Pia huwapima mafundi waliojifunza kazini bila kupita chuoni, na wanaofaulu hupewa vyeti. Kwa hiyo fundi aliyejifunza chini ya mwembe naye anaweza kuwa na cheti. Lakini cheti peke yake hakitoshi. Tafuta madereva watatu wenye magari kama lenu. Waulize: "Alitengeneza nini? Ni miezi mingapi sasa? Ugonjwa ulirudi? Uliporudi alikupokeaje?" Jibu la swali la mwisho litakueleza mengi.

La nane: Anajua mpaka wake. Silinda hedi iliyopinda haisawazishwi kwa tupa na msasa wa mkono. Hupelekwa kwenye karakana yenye mashine, ikapimwa na kusawazishwa. Fundi anayekuambia, "Hii siiwezi hapa, lazima twende kwenye mashine," ni fundi wa kuaminika.

6. KALAMU YAKO NI ULINZI

Zamani wengi wetu tulipatana kwa mdomo tu. Ugomvi ukitokea, kila mtu alikuwa na maneno yake. Sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Kabla gari halijafunguliwa, andikeni makubaliano mafupi kama haya:

MAKUBALIANO YA KUTENGENEZA GARI
Tarehe: ....................
Namba ya gari: ....................
Mwenye gari: Kikundi cha ....................
Jina la fundi: .................... Simu: ....................
Ugonjwa: Gari linachemsha likipanda mlima.
Vipimo vimeonyesha: ....................
Vipuri vitakavyonunuliwa na bei zake: ....................
Gharama ya ufundi: Sh. ....................
Siku ya kumaliza: ....................
Dhamana: Ugonjwa huu ukirudi kabla ya siku ........, fundi atarudia kazi bila kudai ufundi.
Fundi hataongeza kazi wala gharama bila kuwauliza wenye gari.
Vipuri vya zamani watarudishiwa wenye gari.
Sahihi ya fundi: .................... Sahihi ya mwenye gari: ....................

Andikeni nakala mbili. Moja abaki nayo fundi, na nyingine iwekwe kwenye jalada la kikundi.

Usilipe fedha zote kabla ya kazi. Kama fundi anahitaji vipuri, mwanachama mmoja afuatane naye dukani. Huko dukani soma namba. Kifuniko cha zamani kikiwa 0.9, kipya nacho kiwe 0.9. Usikubali 1.1 kwa sababu tu ndicho kilichopo. Kifuniko kinachobana kupita kiasi kinaweza kupasua mipira kuukuu. Dai risiti, na uitunze.

Fundi anayekataa kuandika, mwachie kazi yake. Fundi mkweli hapotezi kitu kwa kuandika. Makubaliano humlinda yeye pia, maana wako wateja wanaokana bei waliyokubali.

7. SIKU YA KULIPOKEA GARI

Usilipokee gari jioni kwa haraka. Haraka haraka haina baraka. Fanya hivi:

Kwanza, injini ikiwa baridi, tazama maji yamejaa kwenye rejeta na yamefika kwenye alama ya chupa ya akiba.

Pili, muulize fundi kama ametoa hewa ndani ya mfumo. Hewa ikibaki katika mirija, maji hayazunguki vizuri na gari huchemsha tena ingawa kila kitu ni kipya.

Tatu, omba kurudishiwa vipuri vya zamani. Vihesabu, na uvilinganishe na risiti.

Nne, liendesheni gari pamoja na fundi mpaka lipate moto. Likiwezekana, lipande kilima. Mshale wa joto upande hadi mahali pake pa kawaida na kutulia hapo.

Tano, kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama tena kiwango cha maji. Tazama na chini ya gari. Maji yakiwa yamepungua, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo pamoja na karatasi yako.

Toka siku hiyo, dereva awe na daftari. Kila asubuhi aandike tarehe na kiwango cha maji. Akiongeza, aandike ameongeza kiasi gani. Mfumo uliofungwa vizuri haupotezi maji kila wiki. Ukiona katika daftari kwamba yanaongezwa mara kwa mara, tambua kwamba ugonjwa umeanza tena, hata kama mshale haujapanda. Hapo utakwenda kwa fundi gari likiwa bado linatembea, kabla halijakwama Kitonga usiku likiwa na mgonjwa ndani.

8. HADHARI KWA WATOTO NA MIFUGO

Kulanti nyingi zina sumu. Sumu hiyo ina ladha tamu, kwa hiyo mbwa, mbuzi, hata watoto huweza kuinywa. Kiasi kidogo kinaweza kuua. Usiimwage chini gereji wala nyumbani. Usiihifadhi katika chupa ya soda. Ikimwagika, ioshe kwa maji mengi na uwaweke watoto mbali. Mtoto akiinywa, mpeleke hospitali mara moja pamoja na galoni lake, hata kama anaonekana mzima.

Na kwa dereva: gari likichemka njiani, simama mahali salama, zima injini na uteremshe abiria. Usifungue kifuniko cha injini wala cha rejeta mpaka mpira wa juu wa rejeta upoe kiasi cha kuushika kwa mkono bila kuungua. Ngoja nusu saa au zaidi. Mizigo itachelewa, lakini macho yako yatapona.

MASWALI

1. Taja sababu nne zinazoweza kufanya gari lichemshe.
2. Kwa nini fundi wa kwanza hakufaa? Toa sababu mbili.
3. Namba 82 kwenye themostati ina maana gani?
4. Kikundi kinanunua kulanti lita 5 kwa Sh. 10,000 kila lita, na mipira 3 kwa Sh. 25,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi ngapi?
5. Kwa nini ni muhimu kurudishiwa vipuri vya zamani?

YA KUJADILI

Wengine husema: "Kumwandikisha fundi karatasi ni kumtukana, ni kuonyesha kwamba humwamini." Wewe unasemaje? Mtu akitaka kuandikiana makubaliano na wewe kuhusu mazao yako, utaona amekutukana?

KAZI YA DARASA

Kila mwanafunzi anakili fomu ya makubaliano katika daftari lake. Kisha wanafunzi wawili wawili waigize. Mmoja awe fundi, na mwingine awe mwenye gari. Wapatane bei, waijaze fomu na waweke sahihi. Mwalimu asome fomu mbili mbele ya darasa, na wote watazame kama kuna jambo lililosahauliwa.

Mwenye themostati ya zamani, sufuria na kipimajoto avilete darasani. Mtaitundika themostati kwa uzi ndani ya maji, isiguse chini, mtachemsha maji, na mtaandika ubaoni digrii ambazo mlango umeanza kufunguka. Linganisheni na namba iliyogongwa kwenye chuma. Sufuria hiyo isitumiwe tena kupikia chakula.